Mjomba, hiyo CC 150 ya nini?

Wadau, mnisamehe kwa ukimya. Nilikuwa Miono kumsalimia mjomba. Sasa ninyi mnajua, ukienda kijijini na watu wanajua umemaliza Mlimani na jina lako linatoka gazetini, hurudi mjini hivi hivi bila kupewa kazi. Wengine huombwa kuandika barua ya mgogoro wa ardhi. Wengine huulizwa Simba inasajili nani. Mimi safari hii nimepewa pikipiki.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu, kaa hapo. Wewe si unaandika habari? Basi nisaidie, nataka kununua pikipiki."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaingia ndani, akatoka na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, ina hesabu kwa kalamu ya bluu: pesa ya ufuta, pesa ya mbuzi wawili, na fungu la mkewe kutoka kwenye kikoba. Jumla milioni mbili na laki saba. Chini kabisa, kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari mara mbili, ameandika BOXER 150. Pembeni kuna bei aliyotajiwa, milioni tatu na laki moja, na chini ya hapo maneno mawili: "pungufu, mkopo."

Nilipouliza mkopo wa wapi, nikagundua ni ile mikopo ambayo watu wameipa jina la kausha damu. Unachukua laki nne leo, unaanza kurudisha wiki ijayo, na dhamana ni chochote kinachobebeka kutoka nyumbani kwako. Kwa mjomba dhamana ingekuwa cherehani ya mkewe, ambayo kwa miaka mingi ndiyo imekuwa ikinunua sare za shule pale nyumbani.

Hapo ndipo nilipoacha kucheka. Msimamo wangu nautoa mapema ili anayetaka kunipinga asisubiri mpaka mwisho: mtu anayenunua pikipiki kwa pesa yake mwenyewe, kwa matumizi ya nyumbani, hahitaji CC 150. CC 100 inamtosha. Akiiona ndogo sana, achukue 125. Hizo nyingine ni kiu ya macho.

Kwanza nikamuuliza, mjomba, pikipiki utaifanyia nini? Akataja. Kwenda shamba, ambalo kwa mguu ni mwendo wa saa nzima na kidogo, upande wa kuelekea Mkange. Kumpeleka mkewe kituo cha afya kuangalia presha. Kumfuata binti yake sekondari siku za kufunga shule. Kutoka hadi Mandera kwenye barabara kubwa kuwahi basi la Chalinze au la Tanga. Na mara moja moja, wakati wa mavuno, kubeba gunia. Bodaboda hataki, anasema umri wa kugombania abiria umempita.

Sasa kwa nini mtu mwenye mahitaji hayo aandike BOXER 150 kwa herufi kubwa? Nilijiuliza swali hili jioni nzima, mpaka nilipokwenda kukaa na vijana wa kijiweni nikapata jibu, na jibu lenyewe linahusu zaidi pesa kuliko mashine.

Karibu pikipiki zote nilizozikuta pale kijiweni ni za mkataba. Kwa wasioujua, mkataba ni hivi: mwenye pesa ananunua pikipiki, anampa kijana, kijana anamlipa kila siku kwa muda waliokubaliana, muda ukiisha pikipiki inakuwa ya kijana. Mmoja alinieleza masharti yake: elfu kumi kwa siku, siku sita kwa wiki, miezi kumi na sita. Pigeni hesabu wenyewe. Siku ishirini na sita kwa mwezi mara miezi kumi na sita ni siku 416, sawa na 4,160,000. Pikipiki ilinunuliwa kwa milioni tatu na kidogo. Hiyo zaidi ya milioni moja ya juu ni bei ya kutokuwa na pesa mkononi. Na oili, tairi, cheni na trafiki vyote viko juu ya kijana. Akiugua malaria wiki nzima, yeye anaumwa, hesabu haiumwi.

Mtu mwenye mkataba wa namna hiyo lazima atafute mashine kubwa. Anabeba abiria wawili nyuma, ile tunayoita mishikaki ambayo sheria inaikataza, anabeba magunia, anabeba mbuzi, anabeba kitanda. Asipofanya hivyo elfu kumi haifiki. Na mwenye pesa naye anataka mashine ambayo kijana akishindwa katikati ya mkataba, yeye anainyang'anya Ijumaa na kuiuza Jumatatu. Boxer 150 inauzika kama sukari. Kwa hiyo anayechagua pikipiki za Miono kwa sehemu kubwa ni mfadhili, kwa sababu zake za kibiashara, na sisi tunaopita barabarani tunaona 150, 150, 150, tunadhani ndiyo pikipiki yenyewe na nyingine ni za watoto. Mjomba hana mkataba na mtu. Anavaa kiatu kilichopimwa kwa mguu wa mwingine.

Turudi kwenye mashine, maana najua kuna wadau mmekuja kwa ajili ya hilo.

Wazee wetu walianza na Honda ndogo. Ile Super Cub, ambayo sehemu nyingi watu waliijua kwa ukubwa wa injini yake tu, Honda hamsini, ilianza kuuzwa Japani mwaka 1958, na mwaka 2017 Honda walitangaza kuwa wamefikisha Super Cub milioni 100 duniani. CC hamsini! Ndiyo maana mtu akiniambia CC 100 haiwezi kumpeleka mtu mzima shambani, nashindwa kumwelewa. Baadaye zikaja zile za bwana shamba na bwana mifugo, Honda na Yamaha za miradi, nyingine za kuchanganya oili na petroli zikitoa moshi mweupe njia nzima. Nani alikuwa nayo ya kwake? Wachache mno.

Mageuzi yaliletwa na Mchina. Na hapa kuna historia ambayo mafundi wetu wengi wanaishi nayo mikononi bila kujua ilikotoka. Mwaka 1976 Honda walitoa pikipiki iliyoitwa CG125. Waliitengeneza kwa ajili ya nchi kama zetu, baada ya kuona kwamba huku watu wanabebesha pikipiki mzigo kupita kiasi na kubadilisha oili wakikumbuka. Injini nyingi za siku hizi hufungua valvu kwa cheni ndogo inayopanda hadi juu ya injini, ile ambayo mafundi wanaiita timing cheni. CG haina. Kuna fimbo mbili nyembamba zinazosukuma kutoka chini. Ni ufundi wa kizamani, una kelele kidogo na hautaki mbio, lakini unavumilia ukorofi wa binadamu. Viwanda vya China vikaunakili muundo ule kwa wingi, na injini nyingi za Kichina za CC 125 na 150 zilizojaa nchini tangu miaka ya 2000 ni watoto wa CG. Ndizo zile za SanLG, T-Better na ndugu zao. Toyo nayo ilipata umaarufu mpaka kuna mikoa ambayo hadi leo bodaboda yoyote, hata ikiwa ya Kihindi, inaitwa toyo.

Wahindi walipita njia nyingine. Boxer za mwanzo kule India ziliuzwa kwa jina la Kawasaki Bajaj, na TVS walitembea na Suzuki hadi mwaka 2001. Walikaa darasani kwa Mjapani, wakahitimu. (Jambo la pembeni: kampuni ya Boxer ndiyo hiyo hiyo iliyotupa neno bajaji kwa ile ya magurudumu matatu. Lakini mwite kijana wa Boxer "wewe wa bajaji" uone atakavyokujibu.) Nisiwaonee Wachina wote, wapo kama Haojue ambao nao wamefanya kazi na Suzuki kwa miaka mingi.

Mimi mwenyewe pikipiki yangu ya kwanza, niliyoinunua kwa mishahara ya mwanzo baada ya kuajiriwa, ilikuwa ya Kichina CC 125. Chapa siitaji, na duka silitaji. Mwezi wa tatu spoku za nyuma zililegea. Mwezi wa tano nyaya chini ya tangi zikaungua, nikasukuma kutoka Tegeta hadi Boko nikiwa nimevaa shati jeupe la kwenda kumhoji mheshimiwa. Beringi, raba za breki, bushi za nyuma, vyote vilikwenda kimoja kimoja kama meno ya mzee. Lakini injini yenyewe, jamani, injini haikuwahi kufunguliwa mpaka nilipoiuza. Hilo ndilo nililojifunza kuhusu hizi za bei rahisi: moyo ni mzima, mwili ndio mgonjwa. Kwa mtu anayejua kushika spana na asiyeona tabu kukaza nati kila Jumapili, ni pikipiki nzuri tu kwa bei yake. Mjomba anajua kushika jembe. Spana hapana.

Basi asubuhi ya pili nikafanya kile ambacho ningemshauri kila mnunuzi akifanye kabla hajaingia duka la pikipiki lenye vioo: nikaanzia kwa fundi na kwenye maduka ya spea ya hapo hapo kijijini. Niliuliza vitu vinne tu. Klachi pleti, kebo ya klachi, cheni na spoketi zake, na CDI. Za Boxer zote zipo, na kila moja ina bei mbili, ya original na ya "ile nyingine". Za TVS zipo, ila muuzaji aliinama chini ya meza kutafuta. Za Kichina za aina ya CG zipo kwa fungu, rahisi ajabu, zinaingiliana kutoka chapa moja hadi nyingine. Nilipouliza za Honda mpya, muuzaji akanitazama shati, kisha viatu, akasema hizo mpaka uagize Kariakoo.

Honda ni pikipiki njema, sina ugomvi nayo. Ningekuwa naishi Sinza ningeifikiria. Lakini pikipiki njema iliyolala Miono siku nne ikisubiri kebo ije na konda wa basi ni baiskeli isiyo na pedeli. Kwa hiyo kwa mjomba niliifuta mapema, na wala bei hatukuifikia.

Ile bei mbili ya original na feki nayo isitupite. Umaarufu wa Boxer umeshusha bei ya spea zake, na umaarufu huo huo umeleta spea za bandia nyingi kuliko za pikipiki nyingine yoyote. Klachi pleti feki inanuka ndani ya wiki tatu. Fundi wa pale senta, mtu mwenye maneno machache, aliniambia anaweza kutambua kwa kuzipima uzito mkononi. Mimi nilizipima, sikutambua kitu.

Tukabaki na India. TVS HLX 125 au Boxer? Na kama Boxer, ipi? Hapa ndipo mafuta yanapoingia. Waendeshaji niliowauliza, ukitoa majigambo, wananiambia 150 ikiwa na mzigo wa kawaida inakwenda kilomita kama arobaini kwa lita, na CC 100 inafika hamsini na tano. Matangazo yanasema zaidi, lakini matangazo hayajawahi kupita njia ya shamba wakati wa masika. Tuchukue mjomba atembee kilomita 40 kwa siku, na lita tuiweke shilingi 3,000 kwa urahisi wa hesabu, ingawa EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi na yule wa chupa kijijini huongeza yake juu. Kwa 150 atatumia lita nzima. Kwa 100 atatumia kama robo tatu hivi. Tofauti ni mia nane kwa siku, inaonekana ndogo, soda tu. Kwa siku 26 ni zaidi ya elfu ishirini. Kwa mwaka ni laki mbili na nusu.

Mjomba alinirudisha nyuma mara mbili kwenye hesabu hii. Laki mbili na nusu kwa mwaka? Kwa mafuta peke yake? Nikamwambia na kodi pia, maana tangu bajeti ya 2017/18 ile ada ya mwaka ya leseni ya vyombo vya moto ilifutwa ikahamishiwa kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita. Anayechoma lita nyingi anachangia taifa zaidi. Mjomba akasema taifa atalichangia kwa ufuta.

Na hiyo 150 yenyewe, kwa taarifa yenu, si 150. Boxer BM150 ina CC 144.8. Si wizi, ni kawaida ya watengenezaji kuzungusha namba ipendeze, lakini nilifurahi kuona uso wa mjomba nilipomwambia.

Watakaonipinga watasema juu ya mzigo na mchanga, na hapo wana haki kidogo. Gunia mbili za mahindi ni kilo mia mbili. CC 100 itazibeba kwa kulia, na klachi italipa. Kama kila wiki unatoa mzigo shambani, nunua 150 na usinisikilize. Lakini kwa anayebeba gunia siku nane kwa mwaka, kuna kijana wa mkataba pale kijiweni mwenye 150 anayetafuta elfu kumi ya leo. Mkodi. Unapata nguvu ya CC 150 kwa siku unazozihitaji, na siku nyingine zote kijana ndiye anayeilisha.

Kuhusu tope, ukubwa wa injini hausaidii sana. Wenyeji wa huku wanaujua ule udongo mweusi wa masika, unajaa kati ya tairi ya mbele na madigadi mpaka gurudumu linagoma kabisa, unashuka unachokoa kwa kijiti, unapanda, mita hamsini unashuka tena. Tiba yake ni kuinua madigadi au kuikata, na tairi zenye meno. Pikipiki nyepesi hapo ni neema, kwa sababu kuna mahali utaisukuma tu. Nimemwona kijana wa Boxer 150 na mzee wa CC 100 wamekwama korongo moja. Mzee alitoka wa kwanza.

Kulikuwa na wazo la tatu ambalo mjomba alilificha mpaka usiku. Kuna mtu anauza 150 iliyotumika, milioni moja na laki sita, "bado mpya kabisa". Tukaenda kuiona na tochi. Tangi limepakwa rangi upya, namba ya chasisi imekwanguliwa tarakimu mbili, na kadi eti iko kwa shemeji Morogoro. Nikamuuliza muuzaji kama tunaweza kwenda TRA pamoja kubadilisha umiliki. Akapokea simu ambayo sikuisikia ikilia. Ya mkononi inaweza kuwa nafuu kuliko zote, sikatai, lakini kadi uione kwa macho, namba ya injini na ya chasisi uzisome kwa kidole, na jina la kwenye kadi liwe la mtu unayeweza kumfikia. Vinginevyo unanunua kesi.

Za umeme nazo mtaniuliza. Nairobi na Kigali zipo kwa wingi, unabadilisha betri kituoni unaondoka. Miono sikukiona kituo cha namna hiyo. Kikija, nitaandika upya.

Usiku wa mwisho tulikaa barazani na ile karatasi. Boxer 100 mpya tulitajiwa kwa simu chini kidogo ya milioni mbili na nusu. TVS 125 ni milioni mbili na laki saba, yaani inakula pesa yote mpaka senti ya mwisho na mjomba anaendesha bila bima na bila kofia. Mimi kura yangu ni 100. Ile laki mbili na ushee inayobaki iende kwenye bima, kofia ngumu mbili, yake na ya mkewe, na leseni, kwa sababu nimegundua kwamba mjomba wangu, mtu wa msikitini na wa heshima zake, ameendesha pikipiki za watu kwa miaka kumi bila leseni. Laki nne za kausha damu hazipo popote kwenye hesabu hiyo.

Mkewe, ambaye muda wote alikuwa anashona na alionekana hasikilizi, akauliza swali moja tu: hiyo ndogo siti yake inatosha watu wawili? Nikamwambia inatosha. Akaendelea kushona.

Mjomba hakusema kitu. Asubuhi wakati ananisindikiza kwenye basi aliniuliza kama CC 100 zina rangi nyekundu. Jumamosi tunakutana Chalinze.